Meneja wa ligi ndogo ya besiboli ni nani hasa

Tangu Los Angeles Dodgers, klabu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, wawasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, mwaka 2022, habari za besiboli zimeanza kupenya kwenye mazungumzo yetu ya michezo, na zimekuja na makosa mawili yasiyochoka kujirudia. La kwanza ni kumdhania meneja wa besiboli kuwa ni yule meneja wa timu tunayemjua kwenye soka letu, anayehangaika na vibali, jezi, hoteli na basi. La pili ndilo linaloniudhi zaidi: kuiita ligi ndogo, yaani ligi za timu za kukuzia wachezaji zilizo chini ya ligi kuu, "daraja la kwanza la Marekani", kisha kumhurumia mtu aliyefanya kazi huko miaka kumi na tano eti alishindwa kuipandisha timu. Hakuna timu inayopanda.

Maana yenyewe ni fupi. Katika besiboli, meneja ndiye kocha mkuu. Anapanga kikosi na mpangilio wa wapigaji, anaamua lini mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, atolewe, na ndiye anayetoka nje kubishana na mwamuzi. Walio chini yake ndio huitwa makocha: wa urushaji, wa upigaji, na wale wawili wanaosimama karibu na besi ya kwanza na ya tatu, vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia, kuwaelekeza wakimbiaji. Kwa lugha yetu hilo lote ni benchi la ufundi. Anayesajili, kuuza na kubadilishana wachezaji ni meneja mkuu, na huyo hukaa ofisini.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Karne ya 19 meneja wa timu ya besiboli alikuwa kweli mtu wa mambo ya fedha: kupanga mechi, kukata tiketi za treni, kugawa mapato ya mlangoni. Uwanjani aliyeamuru alikuwa nahodha. Harry Wright, aliyeiongoza Cincinnati Red Stockings mwaka 1869, timu ya kwanza kutangaza waziwazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa, alizibeba kazi hizo zote mwenyewe, na baada yake cheo cha meneja kikaanza kusogea kuelekea uwanjani. Klabu zilipokua, mambo ya pesa yakapewa watu wengine, lakini jina likabaki kwa mtu wa uwanjani. Ndiyo maana hadi leo meneja wa besiboli huvaa jezi ya timu kama wachezaji wake, hata akiwa na miaka sabini na kitambi. Connie Mack, aliyewaongoza Philadelphia Athletics kuanzia 1901 hadi 1950, alikaa benchini na suti na tai miaka yote hiyo, na watu wanalisimulia mpaka leo kwa sababu halikuwa jambo la kawaida. (Alikuwa pia mmoja wa wamiliki wa klabu, kwa hiyo hakukuwa na wa kumfukuza.)

Sasa tuje kwenye ligi ndogo, maana hapa ndipo watu wanapopotea kabisa.

Zamani timu za ligi ndogo zilijitegemea. Zilitafuta vijana zenyewe, zikawakuza, kisha zikawauza kwa klabu kubwa ili zipate kuishi. Jack Dunn, mmiliki na meneja wa timu ya ligi ndogo ya Baltimore, alimuuza Babe Ruth, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa besiboli, kwa Boston Red Sox mwaka 1914 kwa sababu alihitaji fedha. Meneja wa namna ile alikuwa bosi kamili. Aliyeubadilisha mfumo huo ni Branch Rickey wa St. Louis Cardinals. Klabu yake haikuwa na pesa za kushindana sokoni na matajiri, na kila alipomgundua kijana mzuri kwenye ligi ndogo, mwingine alipanda bei juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaanza kununua hisa katika timu ndogo zenyewe, ili vijana wawe wake tangu siku ya kwanza. Kufikia 1940 Cardinals walikuwa na timu zaidi ya 30 chini yao, na klabu nyingine zilikuwa zimeshaanza kuiga. Wamarekani wakauita mfumo wa shamba. Mimi ningesema kitalu, kwa kuwa mche haukai pale: ukishika mizizi unang'olewa na kupelekwa kwingine, na huo ndio mpango wenyewe.

Leo klabu kubwa ni 30, na kila moja ina timu tanzu nne za msimu mzima: Triple-A juu kabisa, chini yake Double-A, kisha High-A, halafu Single-A. Jumla ni timu 120, tangu mfumo ulipopunguzwa na kupangwa upya mwaka 2021. Chini ya hizo kuna timu za vijana wanaoanza, huko Florida na Arizona, na nyingine Jamhuri ya Dominika. Timu tanzu nyingi zinamilikiwa na wafanyabiashara wengine, si klabu mama. Hao huuza tiketi, bia na matangazo, lakini wachezaji, meneja na makocha wote ni waajiriwa wa klabu mama, na ni klabu mama inayowapanga. Mwenye timu hana sauti juu ya nani acheze leo.

Chukua Durham Bulls wa North Carolina. Miaka ya 1980 walikuwa timu tanzu ya Atlanta Braves. Leo ni timu ya Triple-A ya Tampa Bay Rays. Wametwaa ubingwa wa ligi yao mara kadhaa, wakaendelea kubaki palepale, kwa sababu hakuna mlango wa kutokea. Anayepanda ni mchezaji, na hupanda peke yake, mara nyingi kwa simu ya usiku baada ya mechi.

Kwa hiyo meneja wa ligi ndogo anaongoza timu ambayo hakuichagua na ambayo mtu mwingine anaibomoa kila wiki. Mpigaji wake bora akishika moto, ananyang'anywa. Nyota wa klabu mama anayetoka kwenye majeraha huletwa kwa mechi chache za kujipima, na lazima apangwe. Ofisi inamwambia mrushaji fulani asizidishe idadi fulani ya mipira, hata kama anawalaza wapinzani wote. Na kijana fulani aliyesajiliwa kwa fedha nyingi acheze kila siku, hata kama wiki nzima hajagusa mpira. Kushinda ni kuzuri, ila hakumlipii mtu mshahara. Baada ya mechi anakaa kuandika ripoti ya kila mchezaji, na ripoti hiyo ndiyo mazao ambayo klabu mama inayangojea. Yeye pia ndiye anayemwita kijana ofisini na kumwambia ameitwa juu, au kwamba safari yake imeishia hapo. Wengi wao husimama wenyewe pale besi ya tatu kuelekeza wakimbiaji, na asubuhi wamesharusha mipira ya mazoezi.

Mtazame Brian Snitker. Alijiunga na Braves kama mchezaji mwaka 1977, hakufika ligi kuu hata siku moja, na aliyempa kazi ya ukocha ni Hank Aaron, nyota wa zamani wa Braves, aliyekuwa akisimamia makuzi ya wachezaji wa klabu hiyo. Kuanzia 1982 akawa meneja wa timu tanzu moja baada ya nyingine, zikiwamo hizo Bulls za Durham. Mwaka 2007 akapelekwa Atlanta kuwa kocha wa besi ya tatu; baada ya msimu wa 2013 akarudishwa Triple-A, na mwingine angeacha kazi. Mei 2016 meneja wa Braves akafukuzwa, Snitker akaitwa kushikilia kwa muda. Mwaka 2021 akatwaa World Series, ubingwa wa ligi kuu, akiwashinda Houston Astros ambao mmoja wa makocha wao wa upigaji alikuwa mwanawe Troy. Wachezaji wake walisema mengi kumhusu, lakini la msingi ni kwamba kadhaa kati yao alikuwa nao tangu Triple-A.

Jim Leyland alitumia miaka 11 kwenye timu tanzu za Detroit Tigers, na Earl Weaver zaidi ya miaka kumi kwenye za Baltimore Orioles, kabla ya kupewa timu kubwa. Wote wawili wamo katika Jumba la Mashujaa la besiboli, na hakuna kati yao aliyewahi kucheza ligi kuu. Mwaka 2022 Rachel Balkovec alipopewa Tampa Tarpons, timu ya Single-A ya New York Yankees, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meneja katika mfumo wa timu tanzu, na alikuwa amepitia ukocha wa mazoezi ya viungo na wa upigaji.

Halafu kuna Stan Wasiak, meneja wa ligi ndogo misimu 37 mfululizo, 1950 hadi 1986, mwenye ushindi 2,530, ambao hakuna meneja mwingine wa ligi ndogo aliyeufikia. Hakuwahi kuongoza timu ya ligi kuu hata mechi moja. Mtu akikuambia huyo "hakufanikiwa kupandisha timu", mweleze taratibu kwamba timu hizo hazikuwa na pa kupanda, na kisha mwombe ahesabu vijana waliotoka mikononi mwa Wasiak kwenda juu, kwani klabu zilizomwajiri zilihesabu hao.