Karatasi za Amani: kwanini mimea ya Tanga inabidi uitafute Nairobi, London na Berlin

Ukikaa Tanga na kazi yako ni mimea kuna swali halikwepeki, atakuuliza mwanafunzi aliyekuja fildi, atakuuliza mzee wa kule Muheza aliyezoea kuwatembeza wageni msituni: hivi ile mimea waliyochuma Wajerumani huku kwetu iko wapi? Huwa najibu iko kila mahali isipokuwa hapa, watu wanacheka, ila ukweli ndo huo, na habari ya jinsi hebaria za nchi mbalimbali zinavyojaribu kuikutanisha tena mtandaoni ni ndefu kidogo kwahiyo leo nimeamua niiandike.

Kwanza kwa wale ambao hawajawahi kuingia hebaria. Ni makabati tu, ndani mna mimea iliyokandamizwa kwenye magazeti ikakauka halafu ikabandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni kuna lebo inasema nani kachuma, wapi, lini, namba yake ya uchumaji ni ngapi na mmea ulikuwaje ukiwa mbichi maana rangi ya ua na harufu vikikauka havipo tena. Lebo ndo kila kitu. Mmea usio na lebo ni majani makavu, tupa. Dunia nzima zipo hebaria zaidi ya 3,000 na sampuli zinakadiriwa kama milioni 400 hivi, na hapa nchini tunayo ya taifa kule Arusha, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile ya TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, pale Lushoto ambayo kwa mtu wa mkoa huu ndo ya nyumbani, na nyingine ndogondogo.

Sasa Amani, kule mlimani Usambara, wilaya ya Muheza. Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti pale mwaka 1902 na hebaria ikaanza hapohapo mlimani, Waingereza walipochukua nchi wakaendelea nayo, mpaka kufika mwaka 1950 au karibu na hapo ikahamishiwa Nairobi. Ile East African Herbarium mnayoisikia, iliyopo chini ya makumbusho ya taifa ya Kenya, mizizi yake ni Amani, Muheza. Ukifungua makabati yao unakutana na karatasi zina lebo ya Kijerumani ya taasisi ya Amani, mimea ya Sigi, ya Kwamkoro, ya Bulwa. Sisemi wameiba jamani, wakati ule Afrika Mashariki iliendeshwa kama duka moja na nadhani Nairobi wameitunza vizuri kuliko ambavyo ingetunzwa kwenye unyevu wa Amani ambako ukungu unaota mpaka kwenye viatu.

Ila kabla ya 1902 kulishakuwa na wachumaji. Carl Holst, mchumaji Mjerumani, alizunguka Usambara na huku chini pwani mwanzoni mwa miaka ya 1890, mizigo yake ikaenda Berlin kwa mtaalamu wa mimea Adolf Engler, na Engler na wenzake wakaitumia kuandika majina mapya kwa wingi. Sampuli ambayo jina jipya limeegemezwa juu yake tunaiita taipu, yaani miaka 100 baadaye mkibishana huu mmea ndo ule au sio, mnarudi kwenye karatasi ile. Basi usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 hebaria ya Berlin ikapigwa bomu, sehemu kubwa ikaungua, na taipu nyingi za Tanganyika zikaenda na moto.

Kilichookoa ni nakala. Mchumaji anayejua kazi hakati tawi moja, anakata matano sita ya mmea uleule siku ileile, yote yanapewa namba moja, halafu seti zinagawanywa: moja inabaki nyumbani, nyingine zinaenda kwa hebaria rafiki, nao wanarudisha za kwao. Berlin walikuwa wameshatuma nakala za Holst sehemu nyingine, Kew, ile bustani ya mimea ya London, ikiwemo, kwahiyo taipu ya Berlin ikiungua wataalamu wanatafuta nakala iliyopona na kuipa cheo cha taipu. Mimi nikisikia mtu anasema kudijitisha hebaria, yaani kupiga picha karatasi na kuziweka mtandaoni, ni mambo ya kisasa ya wafadhili namwambia ushirikiano wenyewe ni wa zamani, hizi skana na seva zimekuja juu ya mtandao wa kubadilishana nakala uliokuwepo tayari.

Shida ya nakala sasa, na hapa ndo penye kazi ninayoipenda. Tuseme mmea mmoja umechumwa Amani, namba moja, nakala ziko Nairobi, Kew, Dar na Arusha. Mtaalamu wa familia ile anapita Kew anaangalia ya kwao anasema hapana hii mmekosea jina, anabandika kijikaratasi cha jina sahihi na tarehe. Nairobi hawajui. Dar hawajui. Miaka inapita, mmea uleule, tawi lililokatwa dakika ileile, una jina moja London na jina jingine Dar, na mwanafunzi anayekuja kulinganisha sampuli yake na ya Dar anaondoka na jina ambalo lilishasahihishwa kabla hajazaliwa. Hiyo kitu kila mtu wa hebaria anaijua na kila mtu ameizoea, ndo ubaya wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mradi wa mimea ya Afrika kwa hela za Andrew W. Mellon Foundation ya Marekani, hebaria za Ulaya, Marekani na za huku Afrika zikapewa vifaa na mafunzo ya kupiga picha taipu zao, baadae ukakua ukaitwa Global Plants, taasisi zaidi ya 300. Skana yao nilivyoiona mara ya kwanza nilicheka. Wamechukua skana ya kawaida ya mezani wakaigeuza kichwa chini juu ya fremu, kwasababu huwezi kulaza sampuli ya mwaka 1893 kifudifudi kwenye kioo, itamwagika majani yote, kwahiyo karatasi inalala chali na inanyanyuliwa taratibu mpaka iguse kioo. Picha inatoka na nukta 600 kwa inchi, unakuza mpaka unahesabu nywele za jani, na faili moja inakaribia megabaiti 200. Hebu fikiria kutuma hiyo kwa intaneti ya wakati ule. Zilikuwa zinasafirishwa kwenye diski.

Mradi ule nausifu na nina lawama nao. Picha ni nzuri mno, ila ziliwekwa kwenye mfumo wa kujiunga kitaasisi, chuo chako kikiwa kimejiunga unaingia vizuri, wewe uko tu Tanga mjini na bando lako unaishia mlangoni. Pia walilenga taipu, wakati karatasi za kawaida ndo nyingi na ndo zinazosema mmea ulikuwa wapi na mwaka gani.

Upande huo wa karatasi za kawaida ni GBIF, mtandao wa kimataifa wa rekodi za viumbe, makao yake Copenhagen, Tanzania tumo kupitia tawi letu TanBIF chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Pale hakuna kiingilio. Kila hebaria inabaki na databesi yake, inachotoa ni jedwali lenye vichwa vya safu vilivyokubaliwa na wote, kiwango kinaitwa Darwin Core, mchumaji safu yake, namba safu yake, tarehe, mahali, latitudo. Haivutii kuisimulia lakini bila makubaliano hayo kompyuta isingejua kwamba karatasi ya Nairobi na ya Kew ni ndugu. Sasa hivi GBIF yenyewe inapitia rekodi za hebaria tofauti na kukuonyesha zinazofanana mchumaji, namba na tarehe, inakwambia hizi huenda ni kitu kimoja. Hapo unaona kwa macho yako majina mawili kwa mmea mmoja, unawaandikia wenye nakala iliyobaki nyuma, na ukipata mtu msikivu wanarekebisha.

Ila kompyuta haijakaa Tanga. Lebo za Amani zina mtego, nyingi zina namba ya hebaria ya Amani na sio namba ya mchumaji, mtu wa mbali anaingiza namba ile kwenye safu ya mchumaji na undugu unapotea palepale. Halafu mahali. Lebo inasema Wilhelmstal, hiyo ni Lushoto. Inasema Mascheua, mtu wa Korogwe ukimsomea kwa sauti anakwambia si Mashewa hiyo. Rekodi zenye neno Amani tupu huwekwa nukta moja kwenye ramani, ukiifungua unaona mimea ya mtoni Sigi na ya juu mlimani imerundikana sehemu moja kana kwamba msitu mzima unaota uwanja wa mpira. Kazi hii ya kusoma lebo na kuweka nukta ifanyike huku, na watu wa huku, walipwe kwa hiyo kazi, sio kuombwa kwa imeili kila siku "msaada kidogo".

Na sio kila nukta ionekane na kila mtu. Zile mimea za kale jamii ya Encephalartos, ambazo pwani yetu tunazo, huibiwa porini na kuuzwa kwa wapenda bustani, ukiweka latitudo kamili mtandaoni umemchorea mwizi ramani. Kawaida inafichwa, unaona wilaya tu, na mtafiti mwenye sababu anaomba.

Majina nayo hayatulii. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kiliandikwa kuanzia 1952 mpaka 2012, spishi 12,104, na bado nakitumia kila wiki. Humo, kwenye juzuu lililotoka 2006, yale maua madogo ya zambarau ambayo mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao na mtaalamu wa mimea Wendland akayapa jina mwaka 1893, yanaitwa Saintpaulia. Mwaka 2015 yakahamishiwa Streptocarpus. Karatasi ya kitabu huwezi kuirekebisha, ndo maana kuna World Flora Online ambako taasisi nyingi zinagawana familia na kusasisha majina.

Kinachoniuma kwenye hizi databesi zote ni safu ya jina la kienyeji. Lebo nyingi za Usambara zina jina la Kisambaa, wakati mwingine na matumizi, mzizi unachemshwa kwa tumbo, mti wa mipini ya majembe. Mtu anayechapa lebo kwa kasi huko mbali anaruka mstari huo kwasababu hausomeki kwake, na picha peke yake haitafutiki. Sisi tunaoweza kuusoma tunaweza kuujaza tukiwa hapahapa, kuna hebaria zinapokea masahihisho ya namna hiyo kwa mtu yeyote anayetaja namba ya bakodi iliyobandikwa kwenye karatasi. Kama una bibi au babu Msambaa na simu inayofungua picha, chukua rekodi moja ya Amani iliyo wazi pale GBIF, msomee jina lililoandikwa kwenye lebo, muulize kama analijua na kama huo mti bado wanautumia, halafu nitumie na namba ya bakodi, nikishapata za kutosha nazipeleka Nairobi kwa mkupuo.