Oksijeni inataka elektroni nne, sio mbili

Hapa Mtwara ukitaja fyueli seli, kifaa kinachotoa umeme kwa haidrojeni na oksijeni, watu wanadhani ni jenereta nyingine ya gesi ya Mnazi Bay. Hapana, humu hakuna kinachochomwa, haidrojeni inaachia elektroni upande mmoja, zinapita kwenye waya zinakufanyia kazi, upande wa pili zinaikuta oksijeni yanatoka maji. Kasheshe iko kwa oksijeni, maana kile kifungo cha atomi zake mbili ni kigumu kukatika, ndo maana upande huo wanapaka platinamu ya kurahisisha kazi, na bei yake mnaijua.

Sasa mbadala mmoja wa platinamu ni jamii ya porfirini, molekuli bapa ya mviringo, katikati naitrojeni nne zimeshika metali moja. Ikiwa chuma unapata hemu ya damu, na ule ukijani wa kisamvu ni ndugu yake mwenye magnesiamu. (Pweza wa Mikindani hayumo, damu yake ni ya bluu, inatumia kopa (shaba) bila porfirini kabisa.) Mwaka 1964 mtafiti Jasinski alionyesha kobalti thalosayanini, jamaa wa karibu wa porfirini, inafanya kazi hii kwenye kathodi, yaani ule upande wa oksijeni.

Ila kobalti moja peke yake mara nyingi inaipa oksijeni elektroni mbili tu halafu inaiachia, inatoka haidrojeni peroksaidi badala ya maji, ambayo yanataka elektroni nne. Hapo umepoteza umeme, maana kinadharia njia ya maji ni volti 1.23, ya peroksaidi kama 0.7, na peroksaidi ikikutana na chuma inazaa radikali, chembe kali mno, zinazotafuna utando unaotenganisha pande mbili za fyueli seli.

Tunajuaje kama peroksaidi inatoka? Kuna elektrodi ya kisahani kinachozunguka kwenye asidi, pembeni kina pete ya platinamu, ule mzunguko unarusha maji nje, kwa hiyo peroksaidi ikizaliwa katikati inatupwa kwenye pete na mkondo wa umeme wa pete unapanda. Mi nikishika pepa ya utafiti naanza na pete, mtu akinionyesha kisahani tu simwelewi.

Mwaka 1980 kundi la Collman na Anson kule Marekani lilikuja na porfirini mbili za kobalti zilizotazamana uso kwa uso, oksijeni inabanwa kati, elektroni nne zikapita. Kazi nzuri mno, ila kuziunda ni mateso. Wengine wanachukua porfirini ya chuma, wanaipaka kwenye kaboni, wanaichoma kwa nyuzi joto 700 mpaka 900 za Selsiasi bila hewa. Inafanya kazi vizuri zaidi na inadumu zaidi kidogo, japo kwenye asidi bado platinamu inaishinda kwa uhai, na kinachobaki pale hata porfirini sio tena.