Kutu si cheti cha ukale
Wengi huamini kwamba pikapu kuukuu ikiachwa na kutu na kushushwa karibu na lami, tayari ni hotirodi ya asili, yaani gari kuukuu lililoundwa upya ili lende kasi, kwa mtindo wa zamani. Sivyo. Vijana wa California waliokimbizana kwenye ziwa kavu la Muroc miaka ya 1930 walivua madigadi kupunguza uzito, si kwa urembo wa uchakavu. Kinachohesabika ni vipuri na ufundi wa enzi zile. Ford Model A ya 1930, kwa mfano, hupewa injini ya Ford V8, yenye silinda nane, iliyotoka 1932, na breki za haidroliki, zinazosukumwa na mafuta, za Ford ya 1939 badala ya zile za fito, zinazovutwa kwa vyuma. Mimi ningeanza na breki. V8 juu ya breki za fito ni kujitafutia kilio. Rangi? Paka tu.