Kigoma hadi Dar kwa ndege: usigawanye kilomita za reli

Watu wengi Kigoma huchukua kilomita 1,254 za reli ya kati hadi Dar es Salaam, wakazigawanya kwa mwendo wa ndege, wakaamini wamepata muda wa safari. Sivyo.

Reli hupinda kufuata ardhi na miji. Angani umbali ni kama kilomita 1,080 tu.

Kosa kubwa zaidi lipo kwenye muda. Ndege ya panga boi kama Dash 8 Q400 hufikia takriban kilomita 650 kwa saa ikishatulia angani, si safari nzima. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama kwenye maegesho mengine. Humo mna ndege kutembea ardhini hadi njia ya kurukia, kupanda angani, kushuka, na pengine kuzunguka ikisubiri zamu ya kutua. Ikipitia Tabora, takriban kilomita 350 kutoka Kigoma, yote hayo hurudiwa, abiria wakishuka na wengine wakipanda. Tafadhali, anayekuja kukupokea mpe saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na umwongezee muda wa kusubiri mizigo.