Nafasi 64, Vyuo Karibu 300: Dhana Potofu Kuhusu Kufuzu Besiboli ya Vyuo Marekani

Jumatatu ya mwisho ya Mei, kamati ya besiboli ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hutangaza timu 64 za vyuo vikuu zitakazowania ubingwa wa taifa, katika michuano inayomalizikia Omaha, jimbo la Nebraska. Wiki chache kabla ya siku hiyo mabishano ya mashabiki huwa makali, na mengi yamejengwa juu ya mambo yasiyo ya kweli. Sisi tuliokulia kwenye soka, ambako msimamo wa ligi ukishafungwa hakuna wa kubisha, tunakosea kwa urahisi zaidi. Hapa hakuna msimamo mmoja wa taifa. Vyuo karibu 300 vya daraja la kwanza vimegawanyika katika konferensi, yaani ligi ndogo ndogo, na wengi wao hawakutani uwanjani msimu mzima.

Dhana: Timu ikishinda mechi nyingi, imefuzu

Kosa hili ndilo linaloumiza watu zaidi siku ya kutangazwa majina. Kwa miaka mingi kamati imetumia kipimo kiitwacho RPI. Robo ya kipimo hicho ni asilimia ya mechi ulizoshinda wewe. Nusu nzima ni asilimia ya ushindi wa wapinzani wako, na robo iliyobaki ni ya wapinzani wa hao wapinzani. Kwa maneno mengine, robo tatu ya hatima yako iko mikononi mwa watu wengine.

Tuipige hesabu kwa mfano wa kubuni. Timu imecheza mechi 40 na kushinda 28, sawa na asilimia 70, na wapinzani wake kwa wastani wana asilimia 55. Sasa inamkaribisha kibonde mwenye asilimia 15 tu na kumfunga. Asilimia yake yenyewe inapanda hadi 70.7, na kwa kuwa ni robo tu inayohesabiwa, inapata kama 0.18. Lakini wastani wa wapinzani umeshuka kutoka 55 hadi 54, na hapo nusu inahesabiwa, hivyo inapoteza karibu 0.49. Imeshinda mechi, na kipimo kimeshuka. Kwenye orodha ambayo timu zimebanana, tofauti hiyo inaweza kukushusha nafasi kadhaa.

Kuna na suala la uwanja. Kuanzia 2013, katika asilimia yako mwenyewe, ushindi wa ugenini ulianza kuhesabiwa kama 1.3 na wa nyumbani kama 0.7, ukipoteza nyumbani ndipo adhabu inakuwa 1.3, na ugenini 0.7. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa wa haki. Msimu unaanza katikati ya Februari, wakati viwanja vya kaskazini bado vina theluji, kwa hiyo vyuo vya huko husafiri kusini wiki baada ya wiki huku wenzao wa Florida na Texas wakicheza mbele ya mashabiki wao.

Dhana: Mechi za Jumanne ni za kujaza ratiba

Mfumo wa besiboli ya vyuo ni mechi tatu dhidi ya mpinzani mmoja, Ijumaa hadi Jumapili, na warushaji bora, yaani wanaomrushia mpira mpigaji, huhifadhiwa kwa siku hizo. Katikati ya juma huingia warushaji wa akiba au vijana wa mwaka wa kwanza, na hapo ndipo timu kubwa hufungwa nyumbani na chuo cha jirani. Ushindi wa siku hiyo unaweza usiongeze chochote, ila kipigo kinaonekana kwenye kipimo hadi mwisho wa msimu. Ndiyo maana mwezi Mei unaweza kusikia mechi ya katikati ya juma imefutwa kwa makubaliano. Hainipendezi. Wachezaji wamejiandaa, mashabiki wamenunua tiketi, kisha hesabu inaamua kwamba heri kutocheza.

Dhana: Nafasi 64 zinamtosha kila anayestahili

Mwaka 2025 konferensi 29 zilikuwa na tiketi ya moja kwa moja, moja kwa kila konferensi. Zikabaki 35 za kuteuliwa na kamati. SEC, konferensi ya vigogo wa kusini, iliingiza timu 13, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na konferensi yoyote. Moja ilikuwa na tiketi ya ubingwa wa konferensi. Zile 12 zilichukua zaidi ya theluthi moja ya nafasi za kuteuliwa. Kilichobaki kiligombewa na nchi nzima.

Dhana: Aliyeongoza konferensi yake hana wasiwasi

Mara nyingi tiketi haiendi kwa aliyeongoza msimu. Inaenda kwa mshindi wa mashindano mafupi ya konferensi mwishoni mwa Mei. Chuo kidogo kinaweza kuongoza kuanzia Machi, kikateleza siku mbili, na safari ikaishia hapo.

Dhana: Anayeingia wa mwisho huenda kusindikiza wenzake

Ole Miss ya 2022, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, inajibu hili peke yake. Mapema Mei ilikuwa imeshinda mechi 7 na kupoteza 14 ndani ya SEC, na watu walishamzika kocha Mike Bianco wakati yuko hai. Ikashinda 7 kati ya 9 zilizofuata, zikiwemo zote tatu ugenini kwa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Halafu ikafungwa na Vanderbilt mechi yake ya kwanza kwenye mashindano ya konferensi, ikabaki kusubiri huruma ya kamati. Ndiyo ikawa timu ya mwisho kuteuliwa. Ilishinda mechi 10 na kupoteza 1 tu, ikaifunga Oklahoma mara mbili kwenye fainali na kubeba kombe.

Mwaka huohuo NC State ilifika fainali ya mashindano ya konferensi ya ACC, ikafungwa na North Carolina, na kesho yake haikuitwa. Mstari kati ya bingwa wa taifa na timu iliyobaki nyumbani ulikuwa mwembamba kiasi hicho. Fresno State ya 2008 nayo iliingia kwa tiketi ya konferensi yake, ikapangwa ya nne, yaani ya mwisho, kwenye kundi lake. Ilimaliza na kombe, pamoja na vipigo 31 vya msimu mzima.

Upande wa pili, kupangwa na kamati kuwa namba moja kati ya timu 64 hakukulindi. Baada ya Miami kushinda ikiwa namba moja mwaka 1999, ilibidi kusubiri hadi Tennessee ya 2024 ndipo lifanyike tena. Vanderbilt, namba moja wa 2025, ilitolewa katika kundi ililoandaa yenyewe, ingawa kwenye makundi hayo hutoki mpaka ufungwe mara mbili.

Dhana: Timu yako ikishamaliza mechi zake, hakuna la kufuatilia

Hapo ndipo kazi inapoanza kwa shabiki wa timu iliyo ukingoni. Ikiwa kwenye konferensi fulani kuna timu moja yenye kipimo kizuri, ambayo ingeteuliwa hata bila kombe, kisha kombe likachukuliwa na mwingine asiyetarajiwa, wote wawili wanaingia. Konferensi iliyotegemewa kutumia nafasi moja imetumia mbili, na ile ya pili imekatwa kwenye zile za kuteuliwa. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili za mwisho wa Mei, fungua matokeo ya konferensi ndogo, tafuta timu inayopewa nafasi kubwa katika kila moja, na uishangilie kana kwamba ni yako.