Maiki ikikata msizilaumu simu

Maiki ya wayalesi ikianza kukatakata tu utasikia MC anasema jamani zimeni simu, na ukumbi mzima unaamini hivyo miaka nenda rudi. Simu ina kosa lake ila sio hilo. Ule mlio wa brrr-brrr kwenye spika ni simu ya GSM (ule mtandao wa 2G) inatuma mawimbi kwa vipande, kama mara 217 kwa sekunde, yanaingia kwenye waya ulio karibu, hata maiki ya waya inaupata.

Sauti kupotea na kurudi ni habari nyingine. Mara nyingi risiva, kile kiboksi kinachopokea mawimbi ya maiki, imefichwa nyuma ya spika afu watu wamejaa katikati, na mwili wa mtu una maji mengi kwa hiyo unameza mawimbi ya UHF, yale maiki nyingi zinatumia, vizuri tu. Au msemaji kaishika maiki kule chini kwenye antena (wajomba wa harusini hawa!). Inua risiva juu ya vichwa, antena zake zionekane toka jukwaani.

Maiki zikiwa nyingi cheki masafa, yaani namba ya mawimbi ya kila maiki. Unapanga 600, 601 na 602 MHz unaona umepanga vizuri, kumbe mbili za kwanza zikiwaka pamoja zinazalisha 602 yao, yaani 601 mara mbili toa 600, inamkaba wa tatu. Weka nafasi zisizolingana kati ya namba na namba. Afu zima maiki zote uangalie taa ya RF (ya mawimbi yanayoingia) kwenye risiva, kama bado inawaka kuna mwingine kwenye masafa hayo, labda kituo cha TV, wewe hama tu.