Klofazimini, mkorogo na pete ya ndoa

Alikuja dirishani saa saba mchana, barakoa usoni na kanga imejitandwa mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia pole na jua. "Si jua dokta, ni hii dawa yenu," akajibu (sisi wafamasia huku sote ni madokta), akateremsha kanga.

Uso ulikuwa umeiva rangi ya udongo mwekundu uliopakwa masizi. Hiyo niliitarajia; alikuwa mwezi wa tano wa matibabu ya TB sugu. Kilichonishtua ni mashavu: mabaka mekundu, ngozi imekonda hadi vimishipa vinaonekana. Hayo hayakutoka kwenye kabati langu. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.)

Nianze na rangi. Miongoni mwa dawa zake ilikuwemo klofazimini, na klofazimini yenyewe ni rangi: unga wake ni mwekundu kama kutu. Iligunduliwa Dublin miaka ya 1950 na timu ya Vincent Barry iliyokuwa ikisaka dawa ya kifua kikuu, ikaenda kupata jina kwenye ukoma, na baada ya miongo kadhaa ikarudi kwenye TB, safari hii TB sugu. Inapenda mafuta. Inajikusanya mwilini na kwenye ngozi, na nusu yake tu huchukua kama siku 70 kutoka. Kwa hiyo mtu anamaliza dozi, makohozi ni safi, lakini uso unabaki vilevile miezi mingi kabla ya kurudi.

Mgonjwa wa TB ya kawaida huambiwa siku ya kwanza kwamba rifampisini itampa mkojo wa rangi ya chungwa, asiogope. Huyu wa klofazimini, ambaye mabadiliko yake yanaonekana na mtaa mzima, mara nyingine tunampa vidonge na neno moja: usiache dawa. Dada huyu hakuambiwa. Majirani ndio waliomweleza, kila mmoja na lake, mpaka shoga yake akamletea mkorogo.

Na mkorogo haungemsaidia hata ungekuwa salama. Krimu za kuchubua zinapambana na melanini, rangi ya asili ya ngozi. Rangi ya klofazimini kwa sehemu kubwa ni dawa iliyojaa kwenye ngozi. Ni sawa na kufua shati jeupe ili ukuta nyuma yake ung'ae.

Nikamwomba aje na alichokuwa akipaka. Siku ya pili akaleta vitu viwili: tyubu ya klobetasoli, krimu ya steroidi kali, iliyokuwa ikikamuliwa ndani ya mkorogo, na kopo dogo lisilo na orodha ya viambato. Kopo lilikuwa na mstari mmoja tu wa maana, kwa herufi ndogo: vua vito vya dhahabu na fedha kabla ya kupaka. Nikamuuliza pete ya ndoa iko wapi. "Ilianza kupauka, nikaivua."

Waulize wachimbaji wadogo wa Geita kitu gani hushika dhahabu. Zebaki.

Zebaki kwenye vipodozi imepigwa marufuku kwetu Tanzania, sambamba na haidrokwinoni (kemikali nyingine ya kuchubua) na steroidi. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliacha mwanya wa zebaki sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana hata mwanya huo uzibwe ifikapo 2025. Sheria zipo. Ugumu ni kwamba tangu Julai 2019 vipodozi viko TBS, shirika la viwango, na dawa zimebaki TMDA, mamlaka ya dawa, ilhali mkorogo hauheshimu mpaka huo: klobetasoli ni dawa ya cheti, iliyokusudiwa wiki mbili, ngozi ndogo, ugonjwa maalumu. Ikishachanganywa na losheni saluni, inaitwa kipodozi na inapakwa mwili mzima miezi sita.

Kwa mgonjwa wa TB sugu hilo si suala la urembo. Zebaki inaumiza figo, na baadhi ya wagonjwa hawa huhitaji amikasini, sindano ambayo nayo inaumiza figo. Klobetasoli ikipenya ya kutosha hupandisha sukari na kudhoofisha kinga, hiyo hiyo tunayoitegemea imalizie kazi ya vidonge. Ukiiacha ghafla, tezi za juu ya figo, zilizolala kwa sababu ya steroidi hiyo, zinaweza kukuletea kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Sasa fikiria mgonjwa huyo amefika kliniki anatapika. Kila mtu atasema ni dawa za TB, na dawa isiyo na kosa itaondolewa. Ndiyo maana kopo tuliliachisha siku ileile, lakini tyubu iliachwa taratibu, chini ya macho ya daktari, na figo na sukari zikapimwa.

Wengi hawatapita njia hii tena. Mwishoni mwa 2022 WHO ilipendekeza mchanganyiko wa miezi sita wa bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, na humo klofazimini haimo. Lakini watoto, wajawazito na wenye TB ya ubongo hawaingii kwenye mpango huo, na kwao klofazimini bado ni ya kawaida. Kwa hiyo swali "unapaka nini?" nimelihamisha kutoka mwisho wa mazungumzo hadi mwanzo, kabla ya "unakohoa?"

Yeye nilimpa ushauri usio na mbwembwe: mwavuli, mikono mirefu, mafuta ya mgando asubuhi na jioni maana klofazimini hukausha ngozi, na dawa anywe na chakula. Akauliza rangi itaondoka lini. Nikamwambia ukweli, miezi mingi, labda zaidi ya mwaka. Akanyamaza, kisha akauliza kama sonara anaweza kuirudisha pete. Anaweza, ila aambiwe kwanza ina zebaki, asiipashe moto akavuta mvuke.

Kopo nimelifungia ndani ya chupa yenye kifuniko, kwenye droo ya chini. Kwenye kichomeo cha taka haliingii, kwa sababu hiyohiyo.